Shikamoo Kabla ya Mlima

Ndege ya utafiti ya Chuo Kikuu chetu imegonga mlima, na sauti iliyokuwa ikizungumza ndani yake wakati inagonga ni yangu.

Mimi mwenyewe sikuwemo. Nilikuwa uwanjani, nimesimama nyuma ya viti vya wageni waalikwa, glovu zangu mkononi. Sauti tu ndiyo iliyokuwemo. Kamati ya uchunguzi imeshatoa ripoti, na ripoti inasema mfumo ulifanya kazi kwa asilimia mia moja. Sina la kuwabishia. Wao ni wasomi, mimi niliishia darasa la sita. Nitaeleza tu mambo yalivyokwenda, kama nilivyoyaona.

Naitwa Ngwashi, fundi wa mabati na vyuma katika karakana ya Idara ya Uhandisi wa Mifumo ya Ndege. Jina la nchi yetu sitalitaja, kwa kuwa mwaka huu lipo kwenye kamati, linafanyiwa mapitio.

*

Utafiti wetu ulikuwa wa ushirikiano. Nchi nne za ukanda huu zilitia saini mkataba wa kuendeleza sekta ya anga kwa pamoja, na kila nchi ikatoa mchango wake. Nchi ya Ng'ambo ya Mto ilitoa injini. Nchi ya Nyanda za Juu ilitoa mabawa, ingawa bawa la kushoto lilikaa mpakani miezi saba, kwa sababu afisa wa forodha hakuwa na fomu ya kuingizia upande mmoja wa ndege. Nchi ya Visiwa ilitoa nembo. Sisi tulitoa mlima.

Msicheke. Mlima ulihitajika sana, maana utafiti wenyewe ulihusu namna ya kuukwepa.

Aliyeuanzisha ni Daktari Tunsume, mama mmoja mfupi, mkimya, ambaye kwa miaka kumi na moja hakuzungumza jambo lingine. Alitengeneza kifaa chenye ukubwa wa mkate. Kifaa kinakaa puani mwa ndege, kinatazama mbele hata ndani ya wingu, na kikiona ardhi inakuja kinamwambia rubani. Kinamwambia kwa sauti, kwa sababu macho ya rubani yana kazi nyingine. Alipima umbali na mwendo, akapata kwamba kifaa kikishauona mlima, rubani anabaki na sekunde kumi na mbili. Akaandika 12 kwa chaki ukutani, kubwa kama mlango, na akatukataza kuifuta.

Kilichomshinda ni sauti. Mwanzo alimrekodi mtangazaji wa taarifa ya habari, dada mwenye sauti laini kama maziwa. Marubani waliosikilizishwa walitabasamu. Mmoja alimaliza kwanza chai yake.

*

Siku moja tulikuwa tunapandisha injini kwenye fremu. Kapteni Shekiondo, rubani wa majaribio wa idara, alikuwa ameinama chini yake akikagua bomba, mguu wake wa kushoto umenyooka kama wa mtu aliyelala kwake. Mwenzangu alikuwa ameshika mnyororo wa kuinulia. Mnyororo ukateleza.

Nikapiga kelele: "Inua! Inua!"

Sijui nilivyoisema. Mwenzangu alivuta mnyororo kabla hajajua kuwa anavuta. Injini ikasimama upana wa kiganja juu ya goti la Kapteni. Hapo nikamsikia Daktari Tunsume akisema kutoka mlangoni:

"Nani kasema hivyo?"

Nikajua nimefukuzwa kazi. "Mimi, Daktari. Samahani, imenitoka."

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hivyo hivyo. Kama vile mguu bado uko chini."

Kapteni, bado kakaa sakafuni, akasema, "Rudia tu, Fundi, lakini mguu wangu naondoka nao."

Ndivyo nilivyoingia katika utafiti. Tuliziba chumba cha stoo kwa mablanketi, nikarekodi maonyo saba: Inua! Shusha! Geuka! Moto! Mafuta! Mlango! Magurudumu! Kila moja mara mbili, basi. Daktari alipima: "Inua, inua" ilichukua sekunde moja na nusu. Walipomfunga Kapteni kitambaa usoni na kumsikilizisha, mkono wake ulivuta usukani kabla hajafikiri. Daktari Tunsume alilia kidogo, kisha akafuta machozi kwa mkono wenye chaki.

Kuanzia hapo Kapteni alikuwa akinipitia kila asubuhi. Ananiamkia, maana nimemzidi miaka kumi na saba.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umeamka na miguu yote?"

"Yote miwili."

Ulikuwa utani wetu.

*

Kisha kazi ikapelekwa mbele ya Kamati ya Pamoja ya Uongozi wa Ushirikiano. Mwenyekiti alikuwa Profesa Mlandula, profesa wa heshima, heshima ambayo alitunukiwa na baraza alilokuwa akiliongoza mwenyewe. Niliitwa nikae nyuma, kwa kuwa sauti ni mali ya mradi na mimi ndiye niliyeibeba.

Daktari akabonyeza kitufe. "INUA! INUA!" Glasi za maji zikatetemeka mezani. Mjumbe wa Visiwa akajikuta amesimama, kaishika meza kwa mikono miwili, anaiinua. Kwangu mimi ilionekana kifaa kimefaulu.

Profesa akavua miwani. "Nani huyo anayefoka?"

"Ni kifaa, Profesa," Daktari akasema.

"Kinamfokea nani?"

"Rubani."

"Na rubani akiwa amembeba Mheshimiwa?"

"Kitamfokea rubani. Mheshimiwa atakuwa anasikia tu."

"Kwa hiyo kinamfokea Mheshimiwa." Akavaa miwani. "Endelea, mtu wa lugha."

Mtu wa lugha alitoka Baraza la Lugha la ukanda. Alisema kitenzi hicho kinadai yambwa. Ainue nini? Mkono? Hoja? Bei? Alisema sentensi kama hiyo ikiachwa iruke hewani bila kukamilika, italiaibisha taifa ikishuka.

Halafu likaja suala la umri. Mjumbe wa Nyanda za Juu aliuliza kifaa kina umri gani. Daktari akajibu miaka miwili. Mjumbe akawatazama wenzake kwa huzuni. Mtoto wa miaka miwili, akasema, anamwamrisha mtu mzima, tena mara mbili, bila hata kumwamkia.

Hapo kila mtu alianza kuandika.

Likapitishwa Azimio la Nane: kifaa kimwamkie rubani. Mjumbe wa Ng'ambo ya Mto akasema kwao kumwamkia mtu na kuondoka bila kungoja jibu ni tusi. Likapitishwa Azimio la Tisa: baada ya shikamoo kifaa kinyamaze, kisubiri marahaba, na kisipoitikiwa kisiendelee. Azimio la Kumi lilisema kwamba, kwa kuwa huu ni mradi wa nchi nne, hakuna tamko lolote la mradi litakalotolewa bila kuwatambua viongozi wake kwa ngazi zao. Mimi nilinyoosha mkono.

"Wakubwa, naomba kuuliza. Siku ile mnyororo ulipoteleza, ningemsalimu kwanza?"

Profesa alinitazama kwa upole. "Fundi, mnyororo hauna wageni waalikwa."

Daktari Tunsume alikuwa amesimama muda wote. "Profesa, maonyo ni saba. Yote yakianza kwa shikamoo, rubani atajuaje ni lipi? Kuna la kuinua na kuna la kushusha. Akikosea kubahatisha, anaanguka."

"Hatabahatisha. Atasubiri, kama watu wenye malezi wanavyosubiri."

"Sekunde ni kumi na mbili tu."

"Hizo kumi na mbili nani alizipitisha?"

"Hakuna aliyezipitisha. Ni umbali na mwendo."

"Basi zirudi kwenye kamati ndogo," akasema Profesa, na karani akaandika.

Kamati ndogo ilikaa hotelini siku tatu. Ilijadili sekunde kwa kina, ikaziongeza, zikawa arobaini na tano. Muhtasari ukasainiwa na nchi zote nne. Asubuhi iliyofuata karani alikuja karakana na ngazi na kitambaa chenye maji, akafuta 12 ukutani. Akaandika 45, kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa mwanzo.

*

Mwezi wa tatu nikaingia tena kwenye mablanketi. Tamko lilikuwa limechapwa kwenye karatasi mbili. Nalikumbuka lote, na wakati mwingine nalisikia nikiwa naoga:

"Shikamoo, Kapteni." Hapa unanyamaza. "Waheshimiwa Wakuu wa Nchi Wanachama wa Ushirikiano. Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya anga. Waheshimiwa Mabalozi. Profesa Mwenyekiti wa Kamati ya Pamoja. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Mfumo unapenda kuchukua fursa hii adhimu kukufahamisha, kwa heshima na taadhima, kwamba mbele yako panaonekana kuwa na mlima, na hivyo unaombwa, nafasi itakaporuhusu, uinue ndege."

Nilirudia mara kumi na sita. Mara ya tano nilikohoa kwa Mabalozi, afisa itifaki akasema ubalozi mmoja unaweza kulichukulia vibaya. Mwishowe nikaambiwa niongee taratibu, na kwa tabasamu.

"Tabasamu halionekani," nikasema.

"Linasikika," akasema afisa.

Kapteni alipolisikia mara ya kwanza alicheka hadi akaegemea bawa. "Fundi! Mzee mzima unaniamkia mimi!"

"Si mimi. Ni yule mtoto wa miaka miwili."

"Basi marahaba, mwanangu. Hujambo? Shule umeanza?"

Sote tulicheka. Daktari Tunsume hakucheka. Alikuwa ameandika barua tano kwa Profesa, na zote zilijibiwa kwamba zimepokelewa. Kwenye droo yake alikuwa bado na kile kipande cha zamani cha sauti ya kifaa, chenye maneno yangu mawili. Wiki ya uzinduzi alikitoa, akakiweka juu ya meza mbele yetu sisi wawili.

"Nikikirudisha," akasema, "watasikia siku ileile. Vipaza sauti vimeunganishwa moja kwa moja kutoka kwenye ndege, wageni watasikia kila kitu. Idara itafungwa. Miaka kumi na moja."

Kapteni alikichukua, akakigeuzageuza, akakirudisha droo mwenyewe.

"Daktari, usijitese. Ratiba inasema saa mbili asubuhi. Saa mbili hakuna wingu, mlima nauona kama ninavyokuona wewe. Nitaelekea pale, Fundi ataniamkia, nitamwitikia, halafu nitainua kwa macho yangu kabla hajafika kwa Mabalozi. Watapiga makofi, wataondoka. Jumatatu unarudisha maneno yako mawili kimyakimya. Nani atapanda kuja kusikiliza?"

Ilionekana ni akili. Nakiri kwamba mimi nilisema, "Hapo sawa."

*

Siku ya uzinduzi Kapteni alikuwa tayari saa moja na nusu. Saa mbili, mlima ulikuwa pale, kijani, mtu angeweza kuhesabu miti yake. Saa tatu pia ulikuwa pale. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri, alikuwa njiani. Saa tano alikuwa bado njiani, lakini kwa taarifa za uhakika zaidi. Kwaya ya chuo iliimba wimbo wenye beti nne, kila nchi ubeti wake, na ujumbe wa Visiwa ulipolalamika kuwa ubeti wao ni mfupi, kwaya ikauimba ubeti huo mara tatu.

Kila mtu wa mji wetu anajua kuwa saa nane wingu linashuka juu ya ule mlima. Hata mbuzi wanajua, wanateremka. Saa nane likashuka. Saa tisa na nusu Mheshimiwa akafika, akapokewa, akakaa.

Daktari Tunsume alimfuata Profesa Mlandula hadi kwenye meza kuu, akainama sikioni mwake. Mimi nilikuwa karibu.

"Profesa, wingu limeshuka."

"Wingu halimo kwenye ratiba, Daktari."

"Tuahirishe mpaka kesho asubuhi."

"Mheshimiwa ameshakaa."

Sijui kwa wasomaji, lakini katika nchi yetu Mheshimiwa akishakaa, jambo limeshaanza. Hakuna namna ya kulirudisha. Kapteni alilijua hilo kama sisi wote. Alitazama upande wa mlima, pakawa hakuna mlima, kuna weupe tu. Akamuuliza Daktari:

"Kifaa kinaona mle ndani?"

"Kinaona. Kinaona kuliko wewe. Tatizo si kuona."

"Najua tatizo ni nini," akasema. Akaja niliposimama.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umeamka na miguu yote?"

"Yote miwili."

"Rudi nayo."

"Wewe leo sema upesi."

Ningependa kuandika kwamba nilimwambia asipande. Nilichosema ni, "Mimi nilishasema mwezi wa tatu." Akatabasamu, akanigonga bega, akapanda.

*

Ndege ilipaa vizuri. Hata injini ya Ng'ambo ya Mto, ambayo ilikuwa na tabia ya kuchemka, haikuchemka. Ikazunguka uwanja mara moja ili Mheshimiwa apunge mkono, kisha ikaelekea kwenye weupe, ikapotea. Tukabaki na sauti yake kwenye vipaza sauti. Upepo wa mchana huwa unasukuma kuelekea mlimani, asubuhi haupo. Ratiba ilitengenezwa kwa upepo wa asubuhi. Nadhani alijiona yuko mbali bado.

Kisha tukasikia kengele ndogo, na baada yake mimi.

"Shikamoo, Kapteni."

Wageni walicheka kwa furaha. Mjumbe wa Nyanda za Juu alimgusa jirani yake kwa kiwiko.

"Marahaba, Fundi," Kapteni akajibu kutoka angani. "Sema. Sema upesi. Ni lipi?"

"Waheshimiwa Wakuu wa Nchi Wanachama wa Ushirikiano," nikasema mimi kwenye vipaza sauti, taratibu, kwa tabasamu.

Makofi.

Nikaanza kupiga kelele. Mimi huyu, mwenye mdomo, nyuma ya viti. "Inua! Inua!" Wageni wawili wa mbele yangu walinyanyuka na viti vyao bila kujua kwa nini. Kijana wa itifaki alinishika mkono.

"Mzee, tafadhali. Hotuba inaendelea."

"Inua! Shekiondo, inua!"

"Mzee, kuna Mheshimiwa hapa."

"Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya anga," nikasema kwenye vipaza sauti, juu ya kelele zangu mwenyewe. Mheshimiwa Waziri akainua kichwa kidogo kukubali kutambuliwa. Makofi mengine, marefu zaidi.

"Fundi, ni lipi?" akasema Kapteni.

"Waheshimiwa Mabalo—"

Vipaza sauti vilikwaruza, vikanyamaza. Kule kwenye wingu hatukuona chochote. Makofi ya Mawaziri yaliendelea kwa muda, maana waliokaa mbali walidhani ni umeme umekatika, na katika nchi yetu umeme ukikatika katikati ya hotuba watu hupiga makofi kumtia moyo msemaji.

*

Ripoti ilitoka baada ya wiki sita, ina kurasa mia na kumi na jalada lenye nembo. Inasema kifaa kiliutambua mlima kwa wakati, kilimwamkia rubani, kikaitikiwa, na kikaendelea na itifaki kwa mpangilio sahihi wa ngazi. Inasikitika kwamba rubani hakubaki hadi mwisho wa tamko. Inapendekeza marubani wapewe semina ya usikivu, na mlima uwekewe bango. Kuhusu sekunde, inasema zilipitishwa arobaini na tano, na kwa nini zilitumika kumi na mbili tu ni jambo linalohitaji utafiti zaidi, kwa ushirikiano.

Daktari Tunsume amehamishiwa maktaba. Kile kipande cha maneno mawili alinipa mimi nikitunze.

Mke wa Kapteni alikuja karakana peke yake. Hakukaa. Aliangalia ule ukuta wenye 45, hakuuliza kitu juu yake.

"Wewe ndiye Fundi," akasema. "Wewe wa miguu."

"Ndiye mimi, shemeji."

"Neno lenyewe lilikuwa lipi? Lile alilokuwa anakungoja umwambie."

"Inua."

"Basi?"

"Mara mbili."

Aligeukia tena ule ukuta. "Niambie lilikosaje nafasi," akasema. "Usinifiche, mimi si Kamati."

Nikachukua chaki, nikamhesabia ukutani, chini ya ile 45, kama ninavyowahesabia hapa.

Shikamoo, sekunde mbili. Kusubiri marahaba na kuipokea, tatu. Wakuu wa Nchi, tatu. Mawaziri, mbili. Mabalozi, ambao hawakuisha, mbili. Jumla kumi na mbili. Inua, inua, sekunde moja na nusu, haikutumika. Kapteni Shekiondo, miaka thelathini na minne. Mke mmoja, watoto wawili. Miguu yote miwili.